Cheti cha Isimu Kisichotoa Maziwa

Mbumbuni,
9 Oktoba 1988

Kwa Mhariri wa Habari za Mikoani,
Nairobi.

Bwana Mhariri,

Nikitumaini kwamba kikohozi chako kimepungua, ninaandika kudai ng'ombe mmoja.

Alikuwa ng'ombe wa mke wangu, Ndinda. Tulimuuza Januari mwaka jana kwa shilingi 3,200 kwa sababu ulisema, mpiga picha akisikia, kwamba gazeti linahitaji mhariri wa lugha mwenye cheti cha isimu, na kwamba nikikipata kazi ni yangu. Nilikipata Julai mwaka huu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gharama. Karo 2,600, vitabu na kamusi 410, stempu 190. Hiyo ni ng'ombe mzima pamoja na mkia.

2. Masomo yenyewe. Chuo hufundisha kwa posta. Kilitaka nikusanye maneno mia nne ya Kikamba kutoka kwa watu walio kazini, na kuandika yanavyotamkwa. Nikaenda kwa mwethya wa akina mama wa kijiji chetu, kikundi kinachochimbiana mitaro ya kuzuia maji shambani, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nilisimama kando na daftari langu. Mwenyekiti wao, Nzilani, alinitazama.

"Bwana Gazeti, unaangalia nini? Jembe ni ile."

Nilimweleza maana ya utafiti. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akataja bei: neno moja, hatua moja ya mtaro. Tusi moja, hatua tatu, kwa kuwa wengi wao wameokoka na wangelazimika kutubu. Nilichimba siku arobaini. Maneno mia nne yalinigharimu hatua mia sita, na ukipiga hesabu utaona kwamba matusi yalikuwa mia moja kamili. Mtahini aliandika pembeni kwamba hiyo ndiyo sehemu bora ya kazi yangu.

3. Mapato. Tangu Julai cheti kimeniletea malipo mara moja tu. Bwana Faki, mwenye duka hapa sokoni, alinipa kilo mbili za sukari nimwandikie ubao wa kukataza mikopo. Niliuandika kwa alama za matamshi, kama nilivyofunzwa. Hakuna aliyeweza kuusoma, na wote wakakopa. Faki alikuja kuchukua sukari yake, akakuta imepungua robo kilo.

"Hiyo robo nitakuandikia kwa daftari," akasema, "lakini kwa herufi za kawaida."

4. Mistari. Unanilipa kwa mstari. Cheti kimenifunza kuyaona maneno yasiyo na kazi, na nikishayaona siwezi kuyaacha. Habari ya fahali aliyeingia katika duka la nguo kule Malili zamani ingenipa mistari kumi na minane. Nimeimaliza kwa minne. Msomaji hakukosa kitu. Mimi nilikosa mistari kumi na minne.

5. Meza. Nilipokuja na cheti, meza ya mhariri wa lugha ilikuwa na mashine ya teleksi juu yake. Ulinipa mkono, ukasema hongera.

6. Uvamizi. Mwezi wa Agosti, siku mbili mfululizo, akina mama ishirini waliingia shambani kwangu bila kualikwa, wakachimba mitaro hatua mia sita. Nzilani alisema wananirudishia siku zangu arobaini. Nilimkumbusha kwamba nilishalipwa kwa maneno.

"Maneno ni ya chuo," akasema. "Mitaro ni ya mwethya. Toa kiti hapo."

Mtaro wa tatu unapita mahali pa pekee palipokuwa tambarare, nilipokuwa nikiweka kiti kusikiliza taarifa ya habari ya saa saba. Sasa naisikiliza mguu mmoja ukiwa juu na mwingine chini.

7. Nyumbani. Cheti kimetundikwa kwenye msumari ulioshika kamba ya ng'ombe. Kila asubuhi Ndinda husimama mbele yake na sufuria mkononi.

"Baba Mumbua, hii inakamuliwa saa ngapi?"

Ni miezi ishirini na moja sasa tukinywa chai bila maziwa.

Kwa hivyo naomba gazeti limrudishe ng'ombe. Kama gazeti halina ng'ombe, lichukue cheti, ambacho nimekiambatisha. Kikamuliwe huko Nairobi, nami nitapokea chupa tano kwa siku, kiasi alichokuwa akitoa yule tuliyemuuza.

Nisalimie mpiga picha, ambaye ni shahidi wangu, mama anayewapikia chai, wapiga chapa wote, na hata ile teleksi, ambayo binafsi sina ugomvi nayo.

Ni mimi, nikiandika kwenye mteremko,

Kisilu Mutie
Mwandishi wenu, Mbumbuni (mwenye cheti)

Nyongeza, 20 Februari 1989. Barua hii imekaa katika koti langu miezi minne. Faki alikataa kunikopesha stempu. Siku hizi ubao wake unasomeka. Katikati hapo mvua ya Novemba ilinyesha kwa nguvu, na mashamba mengi yasiyo na mitaro yakateremka mtoni. Langu lilibaki. Tumevuna magunia kumi na moja ya mahindi na manne ya maharagwe, na Ndinda amenunua ng'ombe wa maziwa na mtamba mmoja. Usitafute cheti ndani ya bahasha. Ndinda amekirudisha ukutani na kukiwekea kioo. Badala yake utakuta fomu ya masomo ya Diploma, ambayo ameijaza yeye kwa jina langu. Tafadhali itie sahihi kama mwajiri wangu. Karo ipo, maana yule mtamba amemwita Diploma. Masomo hayo yanataka maneno elfu moja na mia mbili, na shamba letu la mlimani linataka hatua elfu moja na mia nane. Nzilani ameshapiga hesabu: matusi mia tatu. Anahofia hayatapatikana yote. Kwa hivyo anakuomba uje siku moja tu, usimame kando ya shamba bila jembe.