Koti la Harusi Larudi na Rangi Zake

Habari ilisomwa redioni birika likiwa ndiyo kwanza linaanza kuimba: mwisho wa mwezi kituo cha runinga kitaacha kurusha picha za mfumo wa zamani. Kuanzia hapo ni HD tupu, mistari elfu moja na themanini.

"Mistari ya nini?" aliuliza Wembe, kinyozi, ambaye ubishi ukianza huwa anasahau kama ana mteja kitini.

"Ya picha," alisema Antena, fundi wa runinga. "Picha ni mistari iliyolaliana. Ya zamani ilikuwa mia sita ishirini na tano, na haikuja yote kwa pamoja. Inatangulia ya witiri, moja, tatu, tano. Halafu ndiyo inafuata ya shufwa."

"Kwa hiyo miaka yote tulikuwa tunatazama nusu ya mtu?"

"Nusu, na nusu nyingine iko njiani. Inakuja upesi, jicho halijui."

"Ndiyo maana ahadi za wakubwa hazitimii. Walikuwa wanatuletea witiri tu."

"Runinga yangu ina mistari mingi kuliko hiyo," alisema Sindano, fundi cherehani, bila kuinua macho kwenye pindo la sketi. "Tangu mjukuu wangu aiangushe."

Benchi lao liko mbele ya milango mitatu, wa kinyozi, wa cherehani na wa runinga. Pembeni hukaa Mama Birika, muuza kahawa, mjane, mtu wa maneno machache. Yeye humimina tu. Lakini amiminaye ndiye asikiaye.

Siku hiyo aliweka birika chini, akatoa kikapuni kanda ya video iliyofungwa kwa leso.

"Antena mwanangu, hiyo HD yenu itaikubali hii? Ni harusi yangu. Miaka ishirini na miwili naitazama haina rangi."

Sindano alijidunga kidole. Katika miaka arobaini ya kazi hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa wiki ya harusi hiyo hiyo.

Tusifichane. Suti ya bwana harusi aliishona yeye, na bwana harusi alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya damu ya mzee. Kilipofika mkono wa kushoto kikapungua. Kimekwenda wapi, mafundi na vipande ni habari ndefu. Sindano akatia mkono wa kijani, mzito vilevile, wa kung'aa vilevile, akamwachia Mungu. Kanda ilipotoka haina rangi, kijani na damu ya mzee vikawa kijivu kimoja, mapacha watupu. Tangu hapo, mteja akimlalamikia mshono, humwambia, "Nenda kwa Mama Birika, katazame kanda ile." Wengine wana vyeti ukutani. Yeye cheti chake kilikuwa ndani ya leso ile.

"Kwa nini lakini haina rangi?" aliuliza Wembe.

Antena aliigeuza kanda. "Kamera ilitoka wapi?"

"Kaka yangu alikuja nayo kutoka ng'ambo."

"Basi ni NTSC. Mistari mia tano ishirini na tano, picha thelathini kwa sekunde. Mashine za hapa ni PAL, picha ishirini na tano. Kanda inasema lugha yake, mashine inasikia ya kwao. Umbo la mtu linaeleweka, rangi zinapotea njiani."

"Basi zimeshapotea," alidakia Sindano. "Mtu akipotea miaka ishirini na miwili hufanyiwa matanga."

"Hazijapotea mzee wangu, zimo zote ndani. Mashine inayosoma mifumo yote miwili ninayo. Naigeuza faili, kesho tunatazama."

Sindano akaiweka sketi chini. "Shemeji, hebu nisikilize. Marehemu alikuwa mtu wa heshima, na heshima ni nyeusi na nyeupe. Rangi za kompyuta zinabuniwa tu. Unaweza kumkuta marehemu amevaa hata... hata mkono wa kijani."

"Kijani?" aliuliza Mama Birika.

"Nimetoa mfano, shemeji."

"Haya," akasema, akammiminia kahawa.

Kesho yake Antena alitoa runinga pana akaiweka juu ya kigoda. Wembe akaja na mteja wake, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Witiri tayari," alisema Wembe. "Shufwa itasubiri."

Picha ikafunguka. Harusi nzima ilikuwa ya watu wafupi, wapana kama madebe.

"Mbona nimenenepa hivi?" aliuliza Mama Birika.

"Runinga hii ni kumi na sita kwa tisa, picha yako ni nne kwa tatu. Imevutwa."

"Iacheni hivyo hivyo," alisema Sindano. "Unene ni baraka."

"Irudishe," alisema Mama Birika.

Antena akairudisha. Watu wakapungua, rangi zikakaa, na bwana harusi akaingia mlangoni na koti la damu ya mzee, mkono wa kushoto kijani kama jani la mgomba.

Benchi zima liliinamia runinga. Mwenye nusu kichwa ndiye aliyeanza kusema.

"Ule mkono ameuazima wapi?"

"Nilisema mimi!" alisema Sindano. "Hiyo ni hitilafu ya pikseli."

"Mzee," alisema Antena kwa adabu, "pikseli haziharibiki kwa kufuata mshono."

Sindano akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mkono ulikuwa bado kijani.

"Shemeji, nisamehe. Nimekuficha miaka yote hii."

"Umenificha nini?" Mama Birika alikuwa anapuliza makaa. "Kanda ndiyo ilikuwa haioni rangi, shemeji. Mimi nilikuwepo. Mkono huo huo ndio nilioushika tukiingia. Harusi nzima iliuona. Marehemu akasema tunyamaze, rafiki ni rafiki."

"Hata mimi nilikuwepo," alisema Wembe. "Nilidhani ni fasheni."

"Sasa kama mlijua," alisema Sindano, "hizo rangi ulikuwa unazitakia nini?"

"Nakitafuta kitambaa. Nilikupa mita tatu na nusu, nilizipima mwenyewe. Antena, peleka mbele. Pale penye chakula. Simamisha."

Picha ikasimama. Pembeni kabisa, karibu na masufuria, alikuwa Sindano wa ujana wake, sahani mbili mikononi, kizibao cha damu ya mzee kimefungwa vifungo vyote.

"Kilikukaa vizuri," alisema Mama Birika. "Unacho bado?"

"Kiko sandukuni."

"Kilete. Mwanangu wa kuzaa anaoa mwezi ujao, anataka kuvaa koti la babake. Mkono wa kushoto utatoka hapo."

Sindano akainuka, utepe shingoni, akaelekea mlangoni kwake. Kizingitini akageuka.

"Shemeji, kizibao ni kidogo. Kitambaa kinaweza kupungua."

"Kitatosha," alisema Mama Birika, akichukua birika. "Safari hii tunarekodi kwa HD."