Kuku wa Kijani

Jumatatu, 4 Machi
Salaale! Chuo kikuu kimetuletea mhadhiri mzima na wanafunzi saba, wachunguze nasi kwa nini mtaa unafurika. Tena kamati ya pamoja inataka mwenyekiti. Nani kama mimi? Nikanyoosha mkono. Fundi cherehani, jirani wa ng'ambo ya barabara, naye akanyoosha wake! Eti mvua tatu zimelowesha nguo za wateja, ya nne itamfungisha duka. Watu wakamwonea huruma. Nimekasirika mpaka chakula kimenishinda.

Jumanne, 5 Machi
Dawa yake ninayo. Alfajiri nimezoa vipande vya vitambaa jalalani kwake, nikavitupa mtaroni kule juu. Kisha nikamnong'oneza mhadhiri kwamba mtaro umezibwa na mshonaji fulani, jina sitaji. Mama watoto ameuliza mbona nacheka peke yangu.

Jumatano, 6 Machi
Wanafunzi wamesema hawabishani na mtu, watayauliza maji yenyewe. Kesho watamwaga rangi ya kijani mtaroni, waone inakwama wapi. Nimewaunga mkono kwa sauti kubwa. Mtaa mzima nimeualika.

Alhamisi, 7 Machi
Lahaula! Wamemwaga rangi saa nne. Tukakimbilia mtaro wa mbele ya duka la fundi. Mkavu! Mara mama watoto akapiga ukelele nyuma ya nyumba yetu. Maji yamefoka chini ya banda langu la kuku. Kuku kumi na mmoja, weupe pe, wote kijani! Na vile vitambaa vimerundikana hapo hapo. Macho yalinitoka pima. Kumbe zege la banda ndilo limeziba mtaro, na mvua ikinyesha maji huvuka barabara hadi kwa fundi. Mwashi alinionya nisijenge pale. Nilidhani ana wivu. Fundi aliokota kitambaa chake kimoja, akanikabidhi. Heri angenitukana.

Ijumaa, 8 Machi
Banda limevunjwa. Majirani na wanafunzi wamechimba mtaro mpya unaopita mbele ya duka la fundi. Fundi ndiye mwenyekiti, kwa kauli moja. Hata mama watoto kanyoosha mkono! Jioni mvua imenyesha, duka la fundi kavu kabisa.

Jumamosi, 9 Machi
Kuku bado kijani, wamelala jikoni. Mama watoto kasema ama wao ama yeye. Nimezunguka mtaa mzima kutafuta mahali pa banda. Nimepata! Pamenyooka, maji hayatuami hata tone. Juu ya ule mtaro mpya, mbele ya mlango wa fundi. Nimeshamwita mwashi. Ameniuliza kama nina akili timamu.
Wivu haujamtoka tu.