Ombi la Kukaushwa kwa Bwawa la Perege Lililonivunjia Adabu kwa Mkwe

Chome, Upare Kusini
4 Agosti 1956

Kwa Bwana Shauri,
Boma la Same

Bwana Mheshimiwa,

Nakuamkia kwa unyenyekevu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima na umekwisha kula. Mimi ni Melkizedeki, mkulima wa kahawa na mwimba besi kanisani, na sijapata kushitakiwa. Naomba ulikaushe bwawa lililo chini ya Ndungu. Sababu zangu ni hizi.

1. Kando ya bwawa hilo yuko Bwana Amiri, mtu wa Pangani, aliyejenga banda la nyasi akaliita hoteli. Anakaanga perege. Sisi wa milimani tumekulia makande. Samaki tulikuwa tukimsikia katika Injili tu. Jumanne iliyopita nilikuwa nimeshuka kwa miguu siku nzima na nusu, naenda kwa wazazi wa mchumba wangu, Lydia, kupanga siku ya ndoa. Unajua kwamba kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake. Akionekana anatafuna ni aibu. Akionekana kinywa wazi, wazee huitwa. Kwa hiyo nilipita kwa Amiri nijaze tumbo kwanza, ili nifikapo ukweni niseme nimeshiba bila kusema uongo. Mimi ni Mkristo.

2. Hoteli hiyo ina benchi moja tu, la taruma la reli, nalo limeelekezwa majini. Amiri anasema wateja hupenda kutazama mawimbi. Bwana Shauri, bwawa halina mawimbi. Ukikaa pale humwoni vizuri aliye kando yako, hasa akiwa mama mtu mzima aliyejitanda kanga mpaka kwenye nyusi.

3. Amiri ana masinia machache. Wateja wawili wasiojuana huwapakulia sinia moja. Basi nikala na mama huyo: wali wa Ndungu, perege wawili, pilipili na ndimu. Kilikuwa kitamu, hilo silikatai, na ubaya uko hapo hapo. Chakula kibaya kisingenisahaulisha kutazama ninakula na nani.

4. Mwiba ulinikwama kooni. Sijui kama katika leseni ya Amiri miiba imeandikwa. Nilikohoa, macho yakanitoka, nikageuka. Yule mama akafunua kanga. Alikuwa mama mkwe. (Jina lake silitaji, maana mkwe hatajwi. Ukilihitaji, karani wako Hezroni ni mpwa wake.) Nilitaka kukimbia, pumzi sikuwa nayo. Akanikaba shingo, akanipanua taya, akaingiza vidole viwili mpaka kwenye kilimi, akautoa mwiba. Nami, kwa kutojua la kufanya, nikamng'ata.

5. Ndipo nikafahamu alifuata nini pale. Mama mkwe naye hali mbele ya mkwe. Alijua nakuja, akapita kwa Amiri ashibe kwanza. Watu wawili wenye adabu zao, kila mmoja akimkwepa mwenzake, Amiri amewakutanisha mkono kwa mkono. Niliondoka mbio bila kuaga wala kumwona Lydia. Wazee wanakaa Jumatatu. Nimemngoja Lydia miaka mitatu, Bwana Shauri. Nikimkosa sijui maisha yangu nitayapeleka wapi. Hata hiyo kahawa sina hamu ya kuichuma.

6. Ukiifunga hoteli tu, Amiri atahamia ng'ambo ya pili. Ukimfukuza Amiri, perege watabaki, na mwenye kikaango mwingine atatokea. Ukiwatoa perege, watu watakaa pale pale kungoja warudi. Kwa hiyo la haki ni maji yenyewe kuondoka. Wenye mashamba ya mpunga watalalamika, lakini wao hawajapata kumng'ata mkwe.

Nisalimie Bibi, makarani wote, mpishi wako, na yule askari wa mlangoni mwenye kikohozi.

Ni mimi raia wako nisiye na makuu,
Melkizedeki

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha amefika Ruthi, mdogo wake Lydia, vumbi mpaka magotini, na maneno ya mama yake. Wazee hawatakaa, amewakataza. Anasema alinitambua tangu nilipoinama mlangoni, akajifunika, akanyamaza, aone mimi ni mtu wa namna gani nisipojua kwamba natazamwa. Akaona kila nikivunja samaki namsogezea mnofu yeye, mimi nafyonza kichwa. "Mwambie," amesema, "mwiba ulimpata kwa sababu minofu yote alinipa mimi. Aje amchukue mwenzake." Nimelia mbele ya Ruthi, na sioni haya. Ndoa ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, na Lydia anataka karamu iwe bwawani. Tafadhali maji yabaki. Barua hii ningeichana, lakini stempu nimekwisha kuibandika. Isome tu, Bwana Shauri, usitende lolote.