Dundu wa Komanda Likoke

Jumatatu, 8 Machi 1999

Wamenyang'anya kinga yangu, baiskeli yangu pekee! Askari wa kizuizi, njia ya Base, kambi yao ya jeshi. Eti vita inahitaji baiskeli. Vita gani inapanda baiskeli isiyo na breki? Nililia kidogo, kiume. Bila kinga, hakuna kuleta samaki wakavu kutoka Kinkondja. Bila samaki, mimi ni nani? Kijana mwenye sura nzuri tu.

Jioni akili ikanijia. (Ninazo nyingi.) Kwetu Waluba, ukimpa mtoto jina la mtu, mtu huyo ni majina wake, na lazima alete zawadi. Kinga yangu iko kwa Komanda Likoke, mkubwa wa Base. Mtoto sina. Lakini jirani yetu, Mwalimu Gamaliel wa biolojia, anasema wadudu wengi wa Kongo bado hawana jina la kisayansi, na anayemvumbua mmoja anaweza kumpa jina la mtu anayemheshimu.

Nitamzalia Komanda mdudu!

Jumanne, 9 Machi

Nimempata, nyuma ya zizi la mama Kabedi. Dundu mweusi, anang'aa kama buti la afisa, anasukuma mzigo mkubwa kumpita mwenyewe. Uaskari mtupu!

Mwalimu amenifundisha. Maneno mawili ya Kilatini. La kwanza, jenasi, linaanza na herufi kubwa. La pili, spishi, herufi ndogo, hata likitoka kwa jina la mkubwa. Kwenye vitabu herufi zinalala. Kwa kalamu ya bic, unapiga mstari chini ya kila neno. Mvumbuzi anaweka jina lake nyuma, bila mstari. Mara ya kwanza niliandika yote kwa herufi kubwa. Akasema mbuzi wa mama Kabedi wangejitahidi zaidi. Mara ya pili nilipigia mstari jina langu tu. Mwishowe ikatoka, safi:

*Scarabaeus likokei* Kabwe, 1999

Mwalimu akauliza kama nimehakikisha mdudu hana jina tayari. Nikajibu dundu mwenyewe hakulalamika.

Alhamisi, 11 Machi

Nimekwenda Base kwa miguu, dundu ndani ya mkebe wa sardini. Nikasoma karatasi mbele ya askari wote, sauti ya katekista. Komanda akafurahi! Akauliza kama Ulaya watalisoma jina lake. Nikasema Ubelgiji nzima.

Nikangoja kinga. Nikakohoa. Nikamweleza desturi ya majina. Akasema yeye ni mtu wa mkoa wa Équateur. Kwao anayeleta mtoto njo anayemlisha.

Hapo mke wake, Mama Marceline, akachungulia mkebe. "Na huyu majina ya bwana yangu, anakula nini?"

Sayansi haidanganyi. Nilisema mavi.

Askari mmoja alicheka mpaka bunduki ikamdondoka. Komanda hakucheka.

Jumamosi, 13 Machi

Kinga nimeipata! Ushindi! Kila asubuhi naipakia magunia ya mavi ya nguruwe wa Base, naisukuma mpaka shamba la Komanda. Jioni inabaki Base, chini ya ulinzi, mimi narudi kwa miguu. Amesema kwa vile nampenda dundu, nifanye kazi yake. Nikauliza mpaka lini. Mpaka dundu achoke, akasema.

Askari wananiita Majina. Wanaziba pua kwanza.

Nimemsimulia Mwalimu Gamaliel. Amecheka mpaka akavua miwani. Kumbe dundu yule aliandikwa vitabuni kabla babu yangu hajazaliwa, na jina la kwanza njo linabaki. "Weye mutoto," akasema, "achana na Kilatini."

Kabla hajaondoka nikamuuliza jina la mwanamke linaishiaje. Kwa *ae*, akasema, akiendelea kujifuta machozi.

Maana kosa langu nimeliona wazi: nilimpa mwanaume. Wanaume hawana shukrani. Leo kwenye mtaro wa nguruwe nimekamata chura. Mnene, macho makubwa, sauti ya kuamrisha. Mama Marceline kabisa! Kesho akitoka misa, moyo laini, watu wengi pale mlangoni, nitamkabidhi mbele ya wote.