Bega Langu la Kulia

Alhamisi, 12 Juni
Dharau! Baba mkwe, Mzee Amos, ametangaza kwamba keshokutwa wakwe zake wote twende Sigino kubeba matofali ya nyumba yake. Atakayejituma kuliko mwenzake atakabidhiwa mtamba. Mimi ndiye niliyemwoa Hellen, binti mkubwa. Mtamba ni wangu tangu siku ya posa! Leo nishindane na Ludovick, aliyeoa mdogo mtu, mwenye shingo kama ya fahali? Nimekataa. Kimoyomoyo.

Mke wa Ludovick, Goodness, ni tabibu. Wiki jana alisahau kwetu kitabu chake cha mwili wa binadamu. Nimekifungua.

Ijumaa, 13 Juni
Msuli umepatikana! Unaitwa trapezi. Unaanzia nyuma ya fuvu, unashuka shingoni hadi katikati ya mgongo, unatanuka mpaka ncha ya bega. Ndio unaopandisha bega. Neva yake inapita ubavuni mwa shingo, karibu na ngozi. Ikijeruhiwa, bega linaning'inia. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Hellen kaniuliza kama kuna msiba.

Jumamosi, 14 Juni
Nimefika Sigino wa kwanza, bega la kulia chini. Nikamwamkia Mzee, nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba alfajiri nilianza kumbebea mawe ya msingi, jiwe likanipiga shingoni. Machozi yakamlenga. Akaagiza kiti, chai na blanketi. Akasema mbele ya watu kwamba mkwe ni mimi, Wilbroad. Ludovick akapita na matofali saba. Nikamhurumia.

Akaja Goodness. Akanikandamiza mabega, akaniamuru niyapandishe. La kushoto likapanda. La kulia likagoma. Nilistahili makofi! Akamwambia Mzee huenda neva imeumia. Mzee akatuma watu wakamfungue mtamba.

Mtamba akiwa njiani, Goodness akaniuliza iwapo nimekiona kitabu chake.

Nikapandisha mabega: sijui. Yote mawili. Mpaka masikioni.

Mzee akachukua blanketi lake.

Jumapili, 15 Juni
Matofali mia mbili na kumi, jana, peke yangu, hadi jua linazama! Mtamba kaenda Bagara kwa Ludovick. Swali gani lile la kumuuliza mgonjwa? Huo ni udaktari au mtego? Leo trapezi zote mbili zinauma kweli. Kanisani nimeshindwa hata kugeuza shingo. Nimemwomba Hellen anichue, akasema nikamwombe tabibu. Watoto walikuwa wameshampa yule mtamba jina. Hilo limeniuma kuliko shingo.

Jumanne, 17 Juni
Mzee anatuita tena Jumamosi, kuchimba shimo la choo. Zawadi ni kondoo wawili. Goodness ameulizia kitabu tena, safari hii kwa simu. Nimejibu sijakiona.

Kosa langu nimelijua: nilichagua msuli unaojibu maswali. Goti halijibu mtu. Ukurasa wa mia mbili na nne.