Kiti cha Ukutani na Chujio la Senti Hamsini

Jumamosi, 1 Agosti 1964

Nimerudi kutoka Busia kwa baiskeli. Vumbi mpaka masikioni, lakini moyo umejaa. Nimepata mpira! Wa plastiki, mweupe wa kuona ndani, unene wa kidole, urefu pima mbili. Muniru, mwenye duka upande wa Kenya, aliuleta kwa ajili ya watu wa kunyonya petroli kwenye mapipa. Ameniuzia shilingi moja. Shilingi moja tu! Nimesema siku zote, raha ya dunia imo katika vitu vya bei ndogo, watu wanaipita tu madukani.

Niandike sababu, nisije nikasahau nilivyokuwa na akili. Kila Jumapili alasiri tunakunywa ajon, pombe yetu ya wimbi, nyumbani kwa Ebong. Chungu katikati, watu tumezunguka, kila mtu na mrija wake wa tete. Wote tunakalia vigoda, isipokuwa mmoja. Mzee Okurut anakalia kiti cha ukutani, chenye mgongo na mikono, kivulini. Anakiweza kwa sababu mrija wake ni mrefu kupita yote. Sasa mzee anahamia Molo kwa binti yake, na tarehe 16 tutamuaga. Ebong amesema kiti kitapewa mtu ambaye mrija wake unafika chunguni kutoka pale pale ukutani.

Emojong, jirani yangu, amekwisha kutangaza kwamba kiti ni chake. Tutaona.

Ariokot, mke wangu, alinituma kitu kimoja tu: chujio la chai, senti hamsini. Nimemwambia yamekwisha. Hayajaisha. Yananing'inia mlangoni kwa Muniru, moja lilinigonga paji la uso. Lakini baada ya kununua mpira nilibaki na senti hamsini na njaa, nikanywa chai kwa mandazi. Chai iliyochujwa, nakiri.

Jumapili, 2 Agosti

Ushindi! Mzee Okurut alikuwa Molo kutazama nyumba, kiti kitupu. Nikakaa. Nikafungua mpira wangu polepole, watu wakatazama. Ukafika chunguni na mwingine ukabaki! Emojong akaupima mrija wake kwa macho. Mgongo wangu, ambao umeinamia mizani ya pamba miaka kumi na miwili, ulitaka kulia kwa furaha.

Kasoro mbili ndogo. Kwanza, mpira unaonyesha ndani. Ebong alisema kwa sauti kwamba hajawahi kuona mtu akinywa bila kupumzika, na kwamba kumbe ndiyo sababu chungu chake hukauka mapema. Pili, mrija wa tete una kichujio cha kusukwa pale chini, cha kuzuia pumba. Mpira wangu hauna. Nimekula pumba za wimbi kama kuku. Nilitabasamu muda wote.

Jumatatu, 3 Agosti

Tumbo.

Anayesuka vichujio vya mirija hapa kwetu ni mmoja tu: Emojong. Afadhali pumba.

Ariokot alitema majani ya chai mlangoni mara nne, kila mara akinitazama. Akasema Felistus, mke wa Emojong, ana chujio, na chai yake mtu anaiona mpaka chini ya kikombe. Nikamwahidi Jumamosi. Akauliza Jumamosi ya mwaka gani.

Jumatano, 5 Agosti

Pamba bado iko shambani, mizani imelala, karani nina nafasi ya kufikiri. Nimefunga kipande cha soksi kwenye ncha ya mpira, nikajaribu na ndoo ya maji. Pumba hazipiti. Maji yanapita, pamoja na soksi yenyewe, kwa ladha. Nimeacha.

Jumamosi, 8 Agosti

Busia tena. Nimenunua chujio! Duara dogo la bati, wavu wa waya laini, mpini mrefu. Sikununua kingine chochote. Nilijiona mtakatifu njia nzima.

Lo, furaha ya Ariokot! Aliligeuza juani, akalipuliza, akaliosha ingawa ni jipya. Alichemsha chai hapo hapo. Tukanywa wawili mlangoni, bila kutema. Akasema amekuwa akitafuna majani tangu aolewe, na alidhani ndivyo maisha yalivyo. Nikaona aibu kidogo, halafu nikaona raha sana. Chujio amelitundika msumarini mbele ya mlango, ili anayeingia aanze kuliona hilo. Felistus alikuja akaliona. Ariokot aliimba mpaka jua likazama.

Nami nililitazama sana. Wavu wake ni mzuri. Laini, lakini wenye nguvu.

Jumapili, 9 Agosti

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Ariokot alikwenda kanisani. Mimi nilisema mgongo unauma. Nikashusha chujio, nikachukua mkasi, nikakata kipande katikati, kadiri ya sarafu ya senti kumi. Si zaidi! Nilijiuliza kwa haki kabisa: chujio si matundu matupu? Likiongezeka moja, nani ataona? Nikalirudisha msumarini, nikafunga kile kipande kwenye ncha ya mpira kwa uzi. Kilikaa kana kwamba vilizaliwa pamoja.

Alasiri, kwa Ebong. Mzee Okurut amerudi, akanipisha kitini nijaribu, kwa heshima. Nikavuta. Safi! Hakuna pumba hata moja. Emojong alikuwa akikunja uso. Nikavuta tena. Safi. Mara ya tatu, hakuna kitu. Wavu umeziba. Nikavuta mpaka macho yakatoka. Watu wote wakawa wanaona mpira mtupu.

Hapo nikafanya lile jambo. Nikapuliza.

Chungu kikatoa mapovu. Bu-bu-bu-bu! Wote wakaacha mirija. Hata mtoto kwetu anajua: chunguni huvuti kwa mkono wa kushoto, huchungulii ndani, na kupuliza, hapana, kupuliza ni kutemea watu wote chakula. Ebong akasimama, akamwaga chungu kizima kwenye migomba. Mzee Okurut akafunika uso. Akatoa hukumu kwa sauti ndogo: nitaleta chungu cha ajon kutoka kwangu tarehe 16, kikubwa, na mpaka hapo nisiguse mrija. Kisipokuja, nisije tena kabisa. Emojong akauliza kwa upole kama ningependa anisukie kichujio. Ee Mungu wangu.

Nikarudi nyumbani nipate faraja ya mke. Nikamkuta na akina mama wa kanisa, amewaandalia chai. Robinah, mke wa katekista, alikuwa anatoa jani mdomoni. Ariokot ameshika chujio juu, jicho lake liko kwenye tundu, na upande wa pili wa tundu niko mimi.

Jumatatu, 10 Agosti

Chakula kimewekwa. Chai hakuna.

Shida yangu ni hii. Chungu cha faini hupikwa na mwanamke wa nyumba. Mimi sijui hata moto wake unakaaje. Ariokot ana unga wa pombe, wa kukaanga, tayari kwenye gunia, na kimea kimekauka, akikubali ni siku tatu tu. Asipokubali, miaka kumi na miwili ya Jumapili zangu imekwisha, nitazeeka nikisikia wenzangu wakicheka ng'ambo ya migomba.

Nikamwomba. Akasema kwa ufupi: chujio zima kwanza. Halafu akaongeza kwamba lile tundu halimuumi kwa senti hamsini. Linamuuma kwa sababu alikuwa amewaita akina mama waje walione. Nilikwenda kupasua kuni nyingi kuliko zinazohitajika.

Jumatano, 12 Agosti

Busia, na mvua njiani. Muniru hayupo, dukani yuko dada yake, Hajarah. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza kama ni mimi yule bwana wa kupuliza. Habari imevuka mpaka kabla yangu! Akacheka mpaka akashika meza. Limebaki chujio moja. Akaniapisha, mkono juu, kwamba ni la chai. Nikaapa. Niliuliza bei ya faneli ndogo ya kumiminia mafuta, kwa kutaka kujua tu. Akakataa kuniuzia.

Nimempa Ariokot chujio, nimelowa hivyo hivyo. Akalipeleka mwangani, akalitazama tundu kwa tundu. Akaniambia nivue shati, nitaugua. Baadaye nikasikia anachota unga wa kukaanga. Nilikaa nyuma ya nyumba nikafuta macho. Ni mvua.

Nimemwambia mpira nimeutupa.

Jumapili, 16 Agosti

Tulibeba chungu mimi na Ebong, Ariokot nyuma na birika la maji ya moto ya kuongezea chunguni. Mzee Okurut akaonja wa kwanza. Akafumba macho. Akavuta tena, watu wote tukamngoja. Akasema amekunywa hapa tangu Ebong hajaota ndevu, na hii ndiyo ajon aliyokuwa akiitafuta. Akaniambia nimesamehewa, na kwamba afadhali ningepuliza miaka mingi iliyopita.

Halafu akasimama kutoka kiti cha ukutani. Emojong akajisogeza, nami nikajisogeza, tukagongana mabega. Mzee akautoa mrija wake mrefu chunguni, akaufuta kwa kanzu, akatupita wote wawili. Akampa Ariokot. Akasema Molo kuna mirija, na huu anauacha kwa mwenye mkono wa pombe. Sheria ni ya Ebong mwenyewe: kiti ni cha mrija unaofika.

Ariokot akakaa. Akaegemea. Akaweka mikono juu ya mikono ya kiti, akavuta taratibu, akasema kumbe huku kuna upepo.

Mimi nilikaa kigodani karibu na Emojong, na mrija wangu wa zamani wa tete. Emojong alikuwa ameutia kichujio kipya, bure. Ajon ilikuwa tamu mno. Kila nilipoinua macho nilimwona mke wangu amekaa kivulini anacheka, na nilifurahi, naandika kweli, nilifurahi kabisa.

Jumatatu, 17 Agosti

Asubuhi njema. Chai mlangoni, safi mpaka chini ya kikombe. Ariokot alinimiminia cha pili bila kuombwa. Nyumba ina amani yote kwa chujio la senti hamsini. Sitaki kitu kingine duniani.

Nimefikiri tu, kwa faida ya elimu. Kosa langu halikuwa kukata wavu. Wavu ulifanya kazi. Kosa lilikuwa kupuliza. Mtu mwenye waya mwembamba wa kuzibulia, mrefu kidogo, wenye ncha, hapulizi. Mpira uko salama chini ya kitanda. Nao ukuta wa Ebong ni mrefu, unatosha kiti cha pili.

Chujio liko msumarini. Nimelitazama sana leo. Mpini wake ni waya mzuri, na mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Jumapili Ariokot atakwenda kanisani mapema. Mgongo wangu umeanza kuuma.