Ombi la Kutozwa Kodi Niliyonyimwa Mwezi wa Juni

Osoro Nyang'au,
Mwalimu Mstaafu,
Roret.
12 Septemba

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kodi,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na foleni yako ikiwa fupi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na kwa miaka miwili sasa ni mshauri huru wa mauzo wa kampuni ya Afya Tele. Kwa kuwa huenda hujui kazi hii, nitaeleza. Mshauri huru hana duka, hana mshahara na hana mkubwa. Hununua sabuni, dawa ya meno na unga wa lishe kutoka kwa kampuni, akawauzia watu anaowafahamu, kisha akawashawishi nao wawe washauri. Aliyenishawishi mimi ni Clifford, kijana niliyemfundisha darasa la sita na ambaye sasa huniita mwanafunzi wake. Huniita hivyo kwa heshima.

Mwezi wa Juni nilikuja ofisini kwako kujaza fomu ya kodi ya mapato. Nilikuwa nimevaa suti. Nilihudumiwa na Bi. Tecla, dirisha la tatu, naye alipitia karatasi zangu zote, akapiga hesabu, akaniambia sina kodi ya kulipa. Nilimwomba ahesabu tena. Alihesabu, akavua miwani, akasema kwa sauti ya chini ili waliokuwa nyuma yangu wasisikie: "Mwalimu, wewe si mfanyabiashara wa hii kampuni. Wewe ni mteja wake."

Nimeyafikiria maneno hayo kwa miezi mitatu, na sasa naandika kulalamika rasmi.

Ni haki kwanza ujue kwa nini jambo hili ni zito. Majani chai ya nyumbani kwetu yameandikishwa kwa jina la mke wangu, Nyatichi, naye ndiye huyachuma. Bonasi ya mwaka ambayo kiwanda cha chai kitatoa mwezi ujao anataka kununulia tangi la maji, kwa sababu huchota mtoni na goti lake la kushoto limeanza kukataa mlima. Mimi naihitaji bonasi hiyo hiyo ili ninunue bidhaa za kutosha kupanda Daraja la Dhahabu la Afya Tele kabla ya Oktoba kwisha, la sivyo nitarudishwa Daraja la Mbegu. Clifford alituletea cheti chenye picha yangu na nyota nne. Nyatichi alikitazama pande zote mbili, akasema, "Baba Vivian, hiki ni cha Clifford. Niletee karatasi ya watu wa kodi. Hao wakisema unapata, nitakupa bonasi yote." Anaamini hakuna ofisi inayojua pesa ya mtu ilipo kuliko yenu, nami sikuweza kumpinga.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi. Tecla alikataa kuhesabu mauzo ya mkopo. Nina wateja ishirini na sita kuanzia hapa Roret hadi Sosiot, na wote wameahidi kulipa bonasi ikitoka. Huku kwetu hiyo si ahadi ya mzaha. Karo huahidiwa bonasi, mahari huahidiwa bonasi, hata paa la kanisa letu linangoja bonasi. Ni kweli kwamba ya mwaka jana ilitoka, nikazunguka kwa kila mmoja wao mara tatu, na kila mara nikapewa vikombe viwili vya chai ya maziwa, tukaulizana habari za watoto, jua likashuka kabla hatujafikia sabuni. Hivyo ni vikombe mia moja hamsini na sita. Hayo ni mapato. Sijaona popote palipoandikwa kwamba mapato ya kunywa hayatozwi kodi.

2. Alikataa pia kumtambua mteja wangu mkubwa. Ili mshauri asishushwe daraja, ni lazima auze katoni nne kila mwezi, na asipopata wanunuzi anaruhusiwa kujinunulia. Mwaka jana, kati ya katoni arobaini na nane, nilijiuzia thelathini na tisa. Nilijiuzia kwa bei kamili, bila kujipunguzia hata shilingi, ingawa nilijiomba. Mtu mwingine angenunua kiasi hicho, ungesema nimepata faida. Kwa nini faida niliyoipata kwangu mwenyewe idharauliwe?

3. Alitoa gharama kwenye mapato. Nilimweleza kwamba Clifford hutufundisha kuziita gharama mbegu: nauli, viatu, ada ya semina, chakula cha semina. Aliniuliza zimeota lini.

4. Hakutazama mbele. Kwenye semina Clifford alichora duara ubaoni, ndiye mimi, na chini yangu duara tatu, na chini ya kila moja duara nyingine tatu. Yeye aliishia ngazi ya nne kwa sababu ubao ulijaa, lakini mimi niliendelea nyumbani. Katika ngazi ya kumi na tano peke yake nitakuwa na washauri 14,348,907, ambao ni wengi kuliko wakazi wa Kericho na Bomet pamoja na ng'ombe wao wote. Naona hapo kutakuwa na shida ya kupata wateja, lakini hiyo ni shida ya ngazi ya kumi na tano, nami bado sijajaza ya kwanza. Kwa sasa chini yangu yuko shemeji yangu wa Chepilat, ambaye hapokei simu. Naomba nitozwe kodi ya hao waliobaki, mapema, ili nisije nikawasahau.

Kwa hivyo naomba nitumiwe hati ya madai ya kodi, yenye muhuri, isiyopungua shilingi elfu sitini. Ikiwezekana iwe na maneno makali. Iletwe na maafisa wawili kwa gari la serikali, Jumapili baada ya ibada, majirani wakiwa bado barabarani. Wanaweza kunitisha kidogo langoni. Nitawakatalia mara ya kwanza kama wafanyavyo matajiri, kisha nitakubali. Ikibidi nishikwe, sina neno, mradi nirudishwe kabla ya kukamua ng'ombe. Kuhusu kulipa, nitalipa mara tu nikishapanda Dhahabu.

Wasalimie wote ofisini, na askari wa mlangoni aliyenishikia mwavuli, na Bi. Tecla pia, ambaye simlaumu. Hesabu alifundishwa vizuri.

Nangoja kusumbuliwa.

Mlipa kodi wako mtarajiwa,
Osoro Nyang'au

Tanbihi: Nilimpa Nyatichi barua hii aikague kabla sijaituma. Ameisoma mara mbili, polepole, na hakucheka, jambo lililonitia wasiwasi. Amesema hii ndiyo karatasi aliyokuwa akiingoja, tena hesabu zote zimo na mwenyewe nimetia sahihi. Fundi wa tangi ameshapigiwa simu. Barua yenyewe ameiweka kwenye faili pamoja na vyeti vya watoto, na hii unayosoma ni nakala. Tafadhali usinitoze chochote, na uyapuuze yote niliyoandika hapo juu, isipokuwa salamu.